Nguu za Matogoro na Fedha za Kandanda

Wahenga wa Pwani walisema kwamba fedha ilivunja nguu, milima ikalala. Pwani yetu haina milima ya kutisha, na yamkini aliyeinena methali hii mara ya kwanza alikuwa na jambo la mahari au la kesi moyoni mwake, wala hakuwa akizungumzia mawe. Lakini mimi, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, nimekaa Songea kwa zaidi ya miaka 40, chini ya milima ya Matogoro unakochimbuka Mto Ruvuma, na kila nikiisikia methali hiyo macho yangu huenda kwenye vilele vile. Matogoro bado imesimama. Nguu iliyolazwa ni nyingine, nayo haikuwa ya mawe. Ni timu ya kandanda.

Wasomaji wa visiwani walio na umri wangu hawahitaji kuambiwa Majimaji ni nani. Walio vijana nawaambia: palikuwa na timu ya Songea, mji ulio karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, ambayo ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, ikautwaa tena 1986, na baada ya kimya cha miaka ikautwaa mara ya tatu 1998. Mashabiki wake huitwa Wana Lizombe, kwa jina la ngoma ya Wangoni. Jina la timu yenyewe ni la vita vya 1905 hadi 1907, vita ambavyo maji yake yalitoka kwetu upande wa pwani, kwa Kinjikitile wa Ngarambe, yakapanda bara mpaka yakafika Ungoni. Kila Februari 27 mji wa Songea huwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, naye alinyongwa. Basi ilipoingia uwanjani timu yenye jina hilo, haikuingia peke yake. Iliingia na makaburi yake.

Ligi ya Muungano nayo haifai kusahauliwa, kwani ndiyo iliyowakutanisha watu wa Songea na watu wa Unguja na Pemba. Bara ilikuwa na ligi yake, na Zanzibar ilikuwa na yake. Zilipomalizika, timu kadhaa za juu za kila upande zilikutana kutafuta bingwa mmoja wa nchi nzima. Kabla ya Songea kulitwaa taji, lilikuwa mikononi mwa KMKM, mwaka 1984. Baadaye lilikwenda Malindi, 1989 na tena 1992. Kwa hiyo kuna uzi mmoja uliofunga Mji Mkongwe na Matogoro, nao haukusukwa na wanasiasa wala na wafanyabiashara. Ulisukwa na vijana waliokuwa wakifukuzana na gozi.

Jambo moja katika historia hiyo limenifikirisha sana siku hizi. Mwaka 1986 bingwa wa Bara alikuwa Tukuyu Stars ya Rungwe, lakini bingwa wa Muungano alikuwa Majimaji. Maana yake ni kwamba Songea haikuingia kwenye meza ya mwisho kama bingwa wa Bara. Iliingia kwa sababu meza ile ilikuwa na viti zaidi ya kimoja. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba Majimaji ilifaidika na mchujo uliotanuliwa. Nalitaja hili mapema ili msomaji asinidhanie kuwa ni mzee anayenung'unikia kila mashindano yanayoongezwa timu. Mlango mpana ndio uliotupitisha. Ninachouliza ni kitu gani kimebadilika, hata milango inazidi kupanuliwa ilhali sisi tumebaki uani.

Jibu langu ni fedha, lakini jibu hilo halitoshi mpaka lielezwe.

Katika miaka ile ya 80 mshahara wa mpira ulikuwa jambo dogo. Mchezaji aghalabu aliajiriwa mahali fulani, iwe ofisini, kiwandani, jeshini au kwenye shirika la umma, na mpira ulikuwa heshima yake ya jioni. Klabu ya Dar es Salaam ingeweza kumpa kijana wa Songea sifa, lakini haikuweza kumpa maisha yaliyo mbali sana na yale aliyokuwa nayo nyumbani. Kwa hiyo wengi walibaki. Umbali wetu, ambao katika mambo mengine ulikuwa laana, katika mpira ulikuwa boma. Timu ya mgeni iliyosafiri siku mbili kuja kucheza Songea ilishuka garini imechoka, ikakuta baridi ya nyanda za juu, ikakuta uwanja umejaa watu wa Mfaranyaki, Lizaboni na Bombambili, na ngoma inalia. Kikosi kilichokaa pamoja kwa misimu kadhaa kilijuana hata kwa kukohoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali ya Majimaji: watu kukaa pamoja kwa muda mrefu.

Sitaki kuipamba hali hiyo kupita kiasi. Kubaki kwa kukosa pa kwenda si uaminifu kamili. Wachezaji wengi wa kizazi kile, katika nchi nzima, walizeeka bila akiba, na makofi ya uwanjani hayanunui dawa ya shinikizo la damu. Anayesema kwamba mpira ulikuwa mtamu zaidi ulipokuwa hauna fedha, aghalabu ni yule aliyekuwa jukwaani, si yule aliyekuwa akivunjwa goti. Fedha ilipoingia katika mpira wetu iliingia na haki fulani iliyokuwa imecheleweshwa.

Na iliingia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya simu ya Vodacom iliipa Ligi Kuu jina lake. Mwaka 2013 Azam ilinunua haki za kuionesha ligi kwenye televisheni, na mwaka 2021 ukatiwa saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka huohuo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu. Kwa nchi ambayo timu zake zilizoea kuchangishana nauli, hayo ni maji ya masika. Leo mkulima wa mahindi wa Peramiho anakaa kwenye kibanda umiza, analipa kiingilio chake, anatazama mechi inayochezwa Mwanza kama vile yuko ukingoni mwa uwanja. Hilo ni jema, nami sitalikana.

Lakini mvua inaponyesha, maji hufuata bonde lililokwisha kuchimbika. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, ilikuwa bingwa mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo mpaka msimu wa 2024/25, ubingwa wa Bara haujatoka nje ya Dar es Salaam. Ni Simba na Yanga, Yanga na Simba, na mara moja tu Azam, msimu wa 2013/14. Kabla ya hapo Mseto ya Morogoro iliwahi kuwa bingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Miji midogo ilipokezana na mji mkuu wa biashara, si kila mwaka, lakini kwa kadiri ya kumfanya mtoto wa mkoani aamini. Robo karne sasa mtoto huyo hajaona mfano hata mmoja. Ukimwambia kwamba Songea iliwahi kuwa juu ya wote, anakutazama kwa adabu, kama anavyomtazama babu anayesimulia juu ya majini.

Katika muda huohuo milango imekuwa ikipanuliwa. Majimaji ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, na mji ukapata uhai. Simba au Yanga walipokuja, wauza karanga na mahindi ya kuchoma walifanya biashara ya mwezi kwa siku moja. Mwishoni mwa msimu wa 2017/18 tukashuka, sisi na Njombe Mji. Msimu uliofuata, wa 2018/19, ligi ikatanuliwa kutoka timu 16 hadi 20, na timu sita zikapandishwa kwa pamoja. Mlango ulipanuliwa mwaka uleule ambao sisi tulikuwa tumekwisha kutoka. Baadaye ligi ilipunguzwa tena, ikawa ya timu 18, kisha 16, na ukawekwa mchujo wa kila mwaka baina ya timu zinazokaribia kushuka na zile zinazotaka kupanda. Tangu 2018 Majimaji haijarudi.

Kama Songea imekuwa na bahati mbaya, na itazamwe Musoma. Biashara United ilipanda katika upanuzi ule wa 2018. Mwaka 2021 Tanzania ikawa na nafasi nne katika mashindano ya vilabu ya Afrika badala ya mbili, kutokana na mafanikio ya timu zetu kubwa, na moja ya nafasi hizo ikaiangukia timu hiyo ya kando ya Ziwa Victoria. Iliishinda Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0 katika mechi ya kwanza. Mechi ya marudiano ilikuwa Libya, na Biashara United haikusafiri. Ikatolewa bila kucheza. Mwaka 2022 ikashuka daraja. Mwaka 2024 ikafika kwenye mchujo wa kurudi, ikafungwa na Tabora United. Katika miaka sita timu moja ilipitia kila mlango uliofunguliwa: upanuzi wa ligi, nyongeza ya nafasi za Afrika, mchujo wa kupanda. Milango yote ilikuwa wazi. Kilichokosekana ni nguvu ya kutembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kuongeza nafasi na kugawana riziki ni mambo mawili. Unaweza kuwaalika watu 20 karamuni badala ya 16, lakini kama sinia ni lilelile, limewekwa upande uleule, na wenye mikono mirefu ni walewale, wanne ulioongeza wamekuja kushuhudia wenzao wakila.

Mwaka 2019 alinijia nyumbani mama mmoja wa mtaa wetu, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanawe wa miaka 16 nilikuwa nimemfundisha Kiswahili, na jioni nilikuwa nikimwona uwanjani akicheza kiungo kwa utulivu wa mtu mzima. Klabu moja ya mbali ilikuwa imemtaka. Karatasi ile ilikuwa mkataba, nao ulikuwa kwa Kiingereza.

“Shikamoo, Mwalimu,” alisema. “Nimekuja unisomee.”

“Marahaba, mama. Karibu ukae.”

Nikamsomea kipengele baada ya kipengele. Kilikuwapo kipengele cha miaka, cha posho, cha adhabu akitoroka, cha klabu kuwa na haki ya kumpeleka timu yoyote kwa mkopo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala juu ya mapaja. Kisha akauliza, “Na pale palipoandikwa atarudi lini, ni wapi, Mwalimu?”

Nikamwambia hapakuandikwa.

“Na shule? Na wale wa timu ya kata waliomnunulia viatu?”

Nikamwambia hao pia hawakuandikwa.

Akakaa kimya kidogo, akasema, “Basi nitatia saini, maana hapa nitampa nini?” Na akatia.

Kijana yule alikopeshwa kwa timu tatu katika miaka minne. Hajawa nyota, wala hajapotea. Nyumba ya mama yake, iliyokuwa ya nyasi, leo ina bati na sakafu ya saruji, na wadogo zake wawili wamemaliza kidato cha nne kwa fedha yake. Nitawezaje kuilaani fedha hiyo? Siilaani. Lakini timu ya kata iliyomnunulia viatu imekufa. Mzee aliyekuwa akiifundisha bila malipo alichoka kukuza miche ya kupandwa kwenye mashamba ya watu. Na kijana mwenyewe, alipokuja likizo, alinieleza jambo ambalo bado linanikaa: katika timu zote alizochezea, hakuna hata moja ambayo aliujua wimbo wake.

Yapo masharti ya FIFA yanayosema kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada igawanywe kwa vilabu vilivyomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ni sharti zuri, lenye kumkumbuka mlezi. Lakini linamkumbuka mlezi aliyesajiliwa, mwenye kumbukumbu na mwenye akaunti. Timu ya kata haina hayo, na shule ya sekondari hufundisha mpira kama inavyofundisha kuimba, bila kuwaza kwamba siku moja itadai. Kijana wetu mwenyewe alihama kutoka mkoa hadi mkoa ndani ya nchi moja, na katika safari hiyo Songea haikuwa na mahali pa kutajwa.

Na ikiwa kijana huweza kununuliwa bila mji wake kutajwa, haikuchukua muda kabla ya timu nzima kununuliwa. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya, yenye jina la ardhi oevu ya Usangu inayoulisha maji Mto Ruaha Mkuu. Mwaka 2024 ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Sina neno na watu wa Singida, ambao wana haki ya kupenda timu kama watu wengine. Lakini nafikiri habari za mtoto wa Mbarali aliyelala usiku akiwa shabiki wa Ihefu, akaamka asubuhi nafasi ya timu yake katika ligi ikiwa na jina jingine, katika mkoa mwingine. Zamani timu ilishuka kwa kufungwa. Siku hizi huweza kuondoka kwa saini.

Mambo haya si ya kwetu pekee, na kuwatazama walio mbele katika njia hii kunaweza kutuonesha inakoelekea. Huko Marekani vyuo vikuu vina mchezo wao wa mpira, si kandanda letu, bali ule wa tufe lenye ncha mbili linalobebwa mikononi. Kwa zaidi ya karne moja ulikuwa mchezo wa wanafunzi wasiolipwa mshahara, na vyuo vilishindana na majirani zao. Televisheni iliponogewa, fedha ikajaa, na kwa miaka mingi ikawafikia makocha na majengo kabla ya kuwafikia wachezaji. Tangu 2021 wachezaji wameruhusiwa kupata fedha kwa kutumia majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Katika hilo haki imetendeka, kama ilivyotendeka kwa mama wa mtaa wetu. Mchujo wa kutafuta bingwa nao ulipanuliwa, kutoka timu 4 hadi 12, kuanzia msimu wa 2024.

Lakini angalia kilichotokea pembeni. Upande wa Bahari ya Pasifiki palikuwa na umoja wa vyuo ulioanzishwa mwaka 1915. Vyuo 10 kati ya 12 viliuacha, kila kimoja kikikimbilia umoja wenye mkataba mnono zaidi wa televisheni. Vyuo viwili vya California, kimojawapo Stanford, vilijiunga na umoja wenye jina la Pwani ya Atlantiki, ng'ambo ya pili ya bara zima. Mtu wa Pwani akisikia hayo atacheka, maana ni kama Pemba kuhesabiwa miongoni mwa visiwa vya Ziwa Tanganyika. Waliobaki walikuwa wawili, Oregon State katika mji wa Corvallis na Washington State katika mji wa Pullman, miji midogo iliyo mbali na majiji makubwa. Hawakufukuzwa kwa kufungwa. Waliachwa kwa sababu mji wao hauna watazamaji wa kutosha kumvutia mnunuzi. Niliposoma habari za Pullman niliona nimesoma habari za Songea iliyoandikwa kwa Kiingereza: nafasi za kuwania ubingwa zimeongezeka mara tatu, na katika mwaka uleule chuo kilichokuwamo kwa zaidi ya karne kimejikuta hakina mahali pa kukaa.

Nina jirani, mzee wa Kingoni, mpenzi wa Simba kwa dhati, ambaye tunapishana naye juu ya jambo hili kila wiki. “Mwalimu,” huniambia, “wewe unalilia kijiji, mimi nalilia nchi. Lini Tanzania ilifika mbali hivi?” Hoja yake ina uzito. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Simba ikaicheza mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane ya Morocco, na mechi ya marudiano ikapigwa Unguja, katika uwanja wa Amaan, Mei 25. Siku hiyo Songea nzima ilinyamaza mbele ya televisheni, nami nilikuwamo, moyo unadunda. Huwezi kufika fainali ya Afrika kwa michango ya mahindi. Zinahitajika fedha zilizokusanywa mahali pamoja, na mahali hapo ni Dar es Salaam.

Nilimjibu mzee wangu kwamba sikatai. Nilimwuliza jambo moja tu: mjukuu wake, anayecheza vizuri kuliko watoto wote wa mtaa, akisema anataka kuwa mchezaji, huwa anasema anataka kuchezea timu gani? Akacheka. Sote wawili tulijua kwamba neno Majimaji halimo katika ndoto ya mtoto yule. Kwake Majimaji ni jina la makumbusho na jina la uwanja.

Hiki ndicho ninachoona kiko hatarini, na ndiyo maana nimeleta maneno haya katika jarida la washairi badala ya kuyapeleka kwenye ukurasa wa michezo. Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba malumbano hayawezi kuwa ya mtu mmoja. Shairi la Mombasa lilisubiri jibu la Lamu, na la Pemba likasubiri jibu la Unguja. Kila mji ulikuwa na malenga wake, na ukali wa lugha ulizaliwa katika kujibizana. Wangebaki malenga wawili tu, wote wa mji mmoja, hata kama ni mabingwa wasio na kifani, na hata kama beti zao zinasikika Afrika nzima, baada ya muda mfupi miji mingine ingejua kusikiliza tu. Ingesahau kutunga. Kandanda letu linaelekea huko. Tunakuwa taifa la wasikilizaji wazuri sana. Na kuziongeza beti hakuongezi malenga.

Dawa si kurudisha umaskini wa miaka ya 80, wala si kuzuia vijana wasiondoke. Dawa ni kuhakikisha kwamba fedha ikipita inaacha kitu mahali ilipopita. Fungu la haki za televisheni lishuke mpaka kwenye madaraja ya chini, kwa kiwango kinachojulikana na kwa tarehe inayojulikana. Mkataba wa kijana aliye chini ya miaka 18 uandikwe kwa Kiswahili, mama yake ausome mwenyewe, na uwe na kipengele kinachoitaja shule au timu ya kata iliyomlea, pamoja na fungu lake, hata kama ni dogo. Na nafasi ya timu katika ligi isihamishwe kutoka mkoa hadi mkoa kama gari la mizigo, bila watu wa mahali pale kuulizwa.

Kuna jambo la nne, nalo naliomba kwa watu wa visiwani. Ligi ya Muungano ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Zanzibar ilipopata uanachama wake wa ushirika katika CAF mwaka 2004 na vilabu vya kila upande vikaanza kwenda Afrika kwa njia yake. Mwaka 2024 Kombe la Muungano lilifufuliwa na kuchezwa Unguja. Kutoka Zanzibar walikuwapo KMKM na KVZ. Kutoka Bara walikuwapo Simba na Azam, na Simba ikalitwaa kwa bao 1 kwa 0 dhidi ya Azam. Nilifurahi kuona jina lile limerudi, lakini nikaona kwamba upande wa Bara mwaka huo ulikuwa jiji moja. Wale waliolitwaa taji hilo mara tatu hawakuwamo hata kwenye orodha ya wanaofikiriwa.

Ombi langu ni kwamba mashindano hayo yanapotanuliwa, kwani hakuna mashindano yasiyotanuliwa zama hizi, kiti kimoja kiwekwe kwa timu ya mkoa iliyo nje ya Ligi Kuu, ipatikane kwa mchujo baina ya timu za namna yake, na nauli yake ilipwe na kombe lenyewe. Huenda isiwe Majimaji. Huenda ikawa timu ya Musoma, au ya Mbarali ikianza upya. Si hoja. Ninachotaka ni mtoto mmoja wa mkoani avuke bahari kwenda Unguja amevaa jina la kwao, achezee Amaan, afungwe au afunge, kisha arudi nyumbani awasimulie wenzake. Mwaka 1985 Songea ilianza kuwa bingwa kwa kuruhusiwa kukaa mezani. Haikuomba zaidi ya hapo.